Aliyefungua Mlango wa Kukhu

Kibomet, Kitale
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Nelima mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Bungoma kumchukua Khocha, mjomba wako, na kusimama kidogo kwenye kaburi la Kukhu, bibi yako, nami nimebaki hapa kwenye meza ya jikoni na kalamu yako ya bluu. Sanduku lako limeshajaa. Sitakuandikia habari za sweta, wala za chakula cha huko, wala za kupiga simu kila Jumapili. Hayo umeambiwa na akina mama wa kanisa mpaka umechoka. Una miaka ishirini na saba, unajua kuvaa sweta.

Ninaandika kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka kumi na mmoja. Nimejaribu. Juzi ulipokuwa ukisukwa nywele hapa nje nilikuja nikasimama karibu nawe, ukaniuliza, "Mama, ulikuwa unataka kusema nini?" Nikajibu kwamba chai imeiva. Kwenye karatasi sina chai ya kukimbilia.

Nitalitaja sasa hivi, ili usisome kurasa zote hizi ukiwa na wasiwasi wa kitu usichokijua. Siku ile Kukhu alipopotea, si wewe uliyeacha mlango wazi. Wewe ulifunga. Ni mimi niliyefungua.

Kama unataka kuacha kusoma hapa, una haki. Lakini naomba uendelee. Kesho unaanza safari ya masomo uliyoyapata kwa kueleza kosa ambalo halikuwa lako, na sitaki uvuke bahari ukiwa umelibeba.

Wewe ulizaliwa hapa Kitale, na desturi za kwetu Bungoma umezijua kwa kusimuliwa tu. Huenda hujawahi kuelewa vizuri kwa nini Kukhu hakulala ndani ya nyumba hii. Alikuwa mama yangu mzazi. Kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Hawali pamoja, hawapeani mkono. Akimwona mkwe wake anakuja njiani, anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Si chuki, ni heshima, na mama yangu aliishika heshima hiyo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Tangu niolewe hakuwahi kumwona baba yako uso kwa uso. Alikuwa akiniuliza, "Huyo mume wako ni mrefu au ni mfupi?" nasi tunacheka.

Kisha akaanza kutoka nje gizani kule kijijini. Alikutwa amesimama kwenye boma la jirani kabla ya jua kuchomoza, amevaa nguo moja tu, na watu wakasema ati ni mchawi anayekimbia usiku. Khocha wako alinipigia simu. "Dada, kuja uchukue Mama," alisema. "Watu wameanza kuongea vibaya. Juzi wametupa mawe kwa paa." Baba yako hakusita. Alijenga kile chumba cha mabati nyuma ya jiko, akaweka kitanda, akaanza kutumia lango la mbele tu ili asikutane naye. Nilimshukuru Mungu kwa mume wa aina hiyo, na bado namshukuru.

Utakumbuka siku ya kuku. Ulikuwa darasa la nane. Baba yako alikuwa mezani anakula, na Kukhu akaingia kwa mlango wa jikoni, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Akachukua paja kwenye sahani yake. Akamwangalia vizuri, akasema, "Wewe mzee mnene, kwenu hamkaribishi wageni?" Baba yako aliruka kama aliyechomwa, akatoka nje na sahani mkononi. Baadaye aliniambia, "Mama Naliaka, leo nimekimbia nyumba yangu mwenyewe. Na mbaya zaidi, nimekimbia na mifupa." Wewe na dada yako mlicheka mpaka mkalala sakafuni.

Mimi sikucheka. Niliona aibu mpaka nikakosa usingizi. Mwanangu, siku ile ndiyo siku ambayo ningepaswa kuelewa. Mwanamke aliyeshika heshima ile maisha yake yote alikuwa ameisahau kwa mchana mmoja, na mimi nikaona ni utovu wa adabu, nikaona ni laana, nikaona ni majirani wa kijijini wametutumia kitu. Kama angetapika damu ningemkimbiza hospitali. Alisahau heshima, nami nikaenda dukani kununua kufuli.

Hilo kufuli ndilo kosa langu la kwanza. Lile la pili unalijua sasa, lakini hujui lilivyotokea, na nataka ulijue lote.

Ilikuwa siku ya wageni wa dada yako Naliaka. Watu wa mchumba wake walikuwa wanakuja kuposa kutoka upande wa Cherang'any, familia ambayo babu zao walihamia huku kutoka katikati ya nchi, watu wa kanisa, wenye mashamba. Nilikuwa nimeambiwa kwamba wazee wao wanachunguza ukoo kabla ya kukubali: kuna kifafa? kuna wazimu? kuna mtu aliyejinyonga? Niliwaambia wewe na Naliaka kwamba mkiulizwa kuhusu Kukhu, mseme yuko kwa mjomba Bungoma. Ulinitazama ukasema, "Lakini Mama, si yuko hapa nyuma?" Nikakuambia unyamaze. Ulikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, umekuja nyumbani kwa likizo fupi.

Kazi yako siku hiyo ilikuwa kukaa na Kukhu. Ulijua kumtuliza kuliko sisi sote. Akisema anataka kwenda nyumbani, hukubishana naye. Ulimshika mkono, ukamwambia, "Haya Kukhu, twende," mkazunguka nyumba mara mbili, kisha ukamfikisha kwenye mlango ule ule wa chumba chake, ukamwambia, "Tumefika." Naye alikaa kitandani akashukuru na kuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Hakuna aliyekufundisha hilo.

Wageni walipofika wakawa wengi kuliko tulivyotarajia, nikakuita jikoni unisaidie chai. Ulikuja. Uliniambia maneno haya, na ninayakumbuka kama uliyasema leo: "Mama, nimefunga. Ufunguo nimeweka kwa msumari." Ukaanza kujaza chupa za chai.

Dakika chache baadaye Kukhu alianza kugonga mabati. Nilikuwa sebuleni. Mzee mmoja wa upande wao aliinua kichwa akauliza, "Na huko nyuma ni nani anagonga hivyo?"

"Ni mtoto wa jirani," nikasema. "Anacheza na mabati."

"Anacheza kwa nguvu, huyo," akasema, na wote wakacheka, nami nikacheka pia.

Nilisema naenda kuona chapati. Wewe ulikuwa umepeleka vikombe kwa vijana waliokaa nje, upande wa mbele, kwa hiyo hukuniona. Nilitoa ufunguo kwenye msumari, nikafungua. Kukhu alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, ameshika mkoba wake mtupu. "Binti yangu," akasema, "kwa nini umenifungia? Mimi nataka kwenda nyumbani."

Ningeweza kufanya kama ulivyokuwa ukifanya. Kuzunguka nyumba mara mbili, ni dakika ngapi? Lakini tungepita mbele ya dirisha la sebule. Nilimshika mkono nikampeleka hadi lango dogo la nyuma, nikalifungua, nikamwambia, "Haya, Mama. Nenda nyumbani. Njia ni hiyo."

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilidhani ataenda kwa Mama Sifuna pale jirani, alikozoea kukaa. Huo pia si ukweli wote. Ukweli ni kwamba sikufikiri ataenda wapi. Nilitaka kugonga kuishe. Alinishukuru, Nelima. Alinibariki kama wazee wanavyobariki, akatoka. Nililiacha kufuli likining'inia wazi, nikarudisha ufunguo, nikanawa mikono, nikaingia na chapati.

Mama mmoja wa wageni alisema, "Nyumba yenu imetulia."

Unajua yaliyofuata, lakini unayajua kutoka upande wako tu. Wageni walipoondoka ulimpelekea Kukhu chakula, tukakusikia ukipiga kelele. Baba yako akakuuliza, "Nani alikuwa na ufunguo?"

"Mimi."

"Ulifunga?"

"Nilifunga, Baba." Halafu ukaangalia lile kufuli, ukasema, "Nadhani nilifunga."

Nilikuwa nimesimama karibu nawe, bega kwa bega. Nilikuona ukianza kujishuku. Neno moja langu lingetosha. Nilichosema ni, "Twendeni tukamtafute."

Tulimtafuta Kibomet yote, tukashuka hadi Kipsongo, tukauliza wanaouza makaa na wanaobeba mizigo. Wazee wa msikiti wa mjini walitangaza kwa kipaza sauti kabla ya swala, ingawa hawakutujua. Mvua ilinyesha siku zile mbili bila huruma. Siku ya tatu watu waliokuwa wakipalilia walimkuta ndani ya mahindi, mbele ya Kiminini, bado anapumua. Watu walishangaa mwanamke wa umri ule ametembeaje mbali hivyo. Mimi sikushangaa. Barabara ile ndiyo ya kwenda Bungoma. Alikuwa amefuata maneno yangu, na alikuwa hajapotea hata kidogo.

Alilala wodini siku sita, kifua kimejaa maji. Ulikuja na sare ya shule kwa sababu likizo ilikuwa imekwisha na ulikataa kurudi. Ulimshika mkono ukasema, "Kukhu, nisamehe. Nilisahau kufunga." Yeye alikuangalia kwa upole, akakuambia, "Wewe ni mtoto mzuri. Mama yako ni nani?"

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kikombe cha uji. Nilitoka kwenda kukiosha. Kilikuwa kisafi.

Kwenye matanga ya Kukhu mke wa Khocha wako alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Watoto wa siku hizi, akili yote iko kwa simu. Kufunga mlango tu, bana!" Wewe hukuwa hata na simu. Uliinamisha kichwa, ukaendelea kuosha sufuria. Tangu siku hiyo umekuwa ukiamka kuangalia milango. Nakusikia. Unashika kitasa, unatikisa, unaenda, unarudi, unatikisa tena. Unafikiri tumelala.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Mwanzoni ilikuwa Naliaka: harusi ilikuwa karibu, na nilisema moyoni, nikishamwoza nitasema. Alipoolewa nikasema, Nelima amalize mtihani kwanza. Ukamaliza, ukapita vizuri, ukachagua kusomea saikolojia chuoni, na ulipoulizwa sababu ulisema, "Nataka kujua Kukhu alikuwa na nini." Hapo ndipo niliharibu kabisa. Niliona kwamba lile jambo linakusukuma kusoma, nikajiambia kwamba Mungu amegeuza ubaya kuwa wema, na kwamba nikisema nitaharibu kazi yake. Nilikuacha uumie kwa sababu maumivu yalikuwa yanaleta matokeo mazuri. Kati ya mambo yote ninayoungama hapa, hilo ndilo ninalolionea aibu zaidi. Kufungua lango kulikuwa jambo la dakika moja; hili lilikuwa la miaka.

Kwako ndiko nilikojifunza jina la ugonjwa wake. Ulikuja na vitabu, ukakaa hapa, ukanieleza kwamba dimenshia si uzee wa kawaida wala si uchawi, ni ugonjwa wa ubongo, na kwamba yale ya Kukhu kuingia sebuleni na kula kuku wa mkwe wake yalikuwa dalili. Nilisema, "Kumbe." Niliingia chumbani nikafunika uso na mto.

Kisha ukaanza ile kazi ya kuzunguka vijiji vya Bungoma na watafiti, kuuliza familia maswali. Ukaniambia kwamba watu wa kwetu hawapimwi, kwamba karibu kila kitu kinachojulikana kuhusu ugonjwa huu kimetoka kwa watu wa mbali, na kwamba kuna ufadhili kwa watafiti chipukizi, wale ambao wamemaliza digrii juzi juzi na hawana jina bado. Wanakupa mafunzo, wanakupa mlezi wa kitaaluma wa kukuongoza, kisha unarudi nyumbani na fedha za kufanya utafiti wako mwenyewe wa kwanza. Sikuwa nimewahi kuona uso wako ukiwa hivyo. Ulikaa juma zima ukiandika maombi. Mahali pa kueleza kwa nini unataka kazi hiyo, ulitaka kuandika habari za Kukhu, nami nikakukataza. "Mambo ya nyumbani yaache nyumbani," nilisema. "Si useme tu unapenda sayansi?" Ukanitii. Ukaandika unapenda sayansi. Walikukataa, wakakuambia maombi yako yameandikwa vizuri lakini hawaoni kwa nini uwe wewe.

Kwa hiyo hata nafasi hiyo nilikunyima mimi, na sababu ilikuwa ile ile: niliogopa mtu asije akauliza kuhusu mlango.

Mwaka uliofuata hukuniuliza. Uliandika, halafu ukaniletea nisome, kwa sababu, ulisema, mimi ni mama yako na nina haki. Nilisoma nikiwa nimesimama. "Nilikuwa na miaka kumi na sita, na ufunguo ulikuwa kwangu." Uliandika kwamba unataka kuwasaidia watoto wanaoachiwa kulinda wagonjwa ambao hata watu wazima hawajui kuwalinda, ili mtoto mwingine asibebe ulichobeba. Ukaniuliza, "Mama, ni sawa?"

Nikasema, "Ni nzuri. Tuma."

Na siku ya mahojiano, ulipofunga mlango wa chumba na kukaa mbele ya kompyuta, nilikuwa hapa nasonga ugali. Nilimsikia mama mmoja wa lile jopo akikuuliza kwa sauti ya upole kama umeshajisamehe. Ukamjibu, "Bado. Lakini nimejifunza kulifanyia kazi." Ugali uliungua. Ulipotoka ukaniambia, "Mama, leo umetulisha mkaa," ukacheka, macho yako yakiwa mekundu.

Jambo la mwisho ni lile la mwezi uliopita. Ulikuwa ukijaribu maswali ya utafiti wako, ukasema utaanza na mimi kwa sababu niliwahi kumtunza mgonjwa. Ulikaa hapo kwenye stuli na kalamu yako. "Je, umewahi kumfungia mgonjwa ndani?" Nikasema ndiyo, mara chache. "Je, umewahi kumwacha atoke peke yake kwa kukusudia?" Nikasema hapana. Ukaweka alama. Hukuniangalia hata usoni, uliniamini.

Nelima, ile fomu ni ya uongo. Usiihesabu.

Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimekudanganya kama binti, na sasa nilikuwa nimeingia hata kwenye kazi yako. Juma lililopita nilimwambia baba yako. Alikuwa anatengeneza mguu wa kiti. Aliweka nyundo chini. "Kwa hiyo huyu mtoto," akasema, na hakumaliza. Alitoka, akaenda akakaa kule nyuma ambako kile chumba kilikuwa. Aliporudi alisema, "Mwambie kabla hajaondoka. Akilisikia akiwa huko, atalia na nani?"

Sina mafundisho ya kukupa, mimi ni nani. Lakini nimekaa miaka mingi upande ule wa pili wa maswali yako, upande wa mtu anayeficha, na labda ninajua kitu ambacho hutakikuta huko uendako. Ukiingia katika nyumba ya watu na fomu zako, yule atakayekukaribisha kwa haraka, akakupa chai na kujibu yote vizuri, huyo usimalize maswali yake siku hiyo. Usimuulize wakati shemeji zake wamekaa hapo. Msaidie kuosha vyombo. Usimuulize kama amewahi; muulize ni lini alichoka kuliko siku zote, kisha nyamaza. Mimi ningeulizwa hivyo, nadhani ningesema. Sina hakika. Lakini hakuna aliyeniuliza kama nimechoka, na mimi mwenyewe sikujua kwamba hilo ni swali.

Na ukimkuta aliyefanya kama nilivyofanya, usimwandike kama mtu mbaya, hata kama mimi utaniona hivyo. Nilimpenda mama yangu. Nilimwogesha kila siku. Nilimwogopa pia, na niliogopa watu, na siku moja hofu ya watu ilikuwa kubwa kuliko upendo kwa muda wa kufungua lango. Muda huo ulitosha.

Kuna kitu ninachokiogopa kuliko hasira yako. Ninaogopa kwamba ukijua hukuacha mlango wazi, utajiuliza basi kazi hii yote ilikuwa ya nini, na kwa nini uende. Kwa hiyo nimetafuta kwenye lile sanduku la chini ya kitanda, na nimekipata kile kitabu chako cha mazoezi cha darasa la nane. Nimekiweka hapa mezani. Nyuma ya hesabu zako uliandika, kwa penseli: "Mambo ambayo Kukhu amesahau" na "Mambo ambayo Kukhu hajasahau." Upande wa kusahau kuna jina langu, na siku ya juma, na kwamba mume wake alikufa. Upande mwingine kuna nyimbo, kukamua, njia ya kwenda kisimani kwao, na jinsi ya kusuka nywele. Chini yake uliuliza: "Kwa nini vingine vinabaki?" Hiyo ilikuwa zaidi ya mwaka kabla ya wageni kuja. Hakuna mtu aliyekuwa amekulaumu kwa lolote. Ulitaka tu kujua. Nadhani aliyepewa ufadhili huu ni yule mtoto mwenye penseli, ila sisi sote tulikuwa hatumjui, hata wewe mwenyewe.

Kuhusu waliokufadhili, sijui sheria zao. Hukuwadanganya, uliandika ulichoamini. Ukitaka kuwaambia ukweli, waambie, na ukitaka niandike barua au nizungumze nao kwa Kiingereza changu kibovu, nitazungumza. Ukiamua ni jambo la nyumbani, iwe hivyo. Uamuzi ni wako. Nimekuamulia mengi mno kwa kukaa kimya.

Sikuombi unisamehe leo, wala kabla ya kesho, wala kabla hujarudi. Ninaomba kitu kimoja tu: usiku wa leo ulale bila kutikisa kitasa.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii ndani ya sanduku lako, kati ya nguo, uikute ukishafika. Nilishaikunja mara moja na kuiingiza. Nimeitoa. Huko hakuna mtu wa kumkasirikia, na nimekuachia mambo ya kubeba peke yako vya kutosha. Nitakupa mkononi ukirudi, kabla ya majirani kuja kwa maombi ya kukuaga. Nitakaa kwenye kiti kilicho mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Sitasema chai imeiva. Khocha na mke wake wanakuja na wewe, na mke wa Khocha atalisikia hili kutoka kwangu, mbele ya watu wote, kama alivyolisema lako mbele ya watu wote.

Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe. Ukitaka kupiga kelele, piga, mwanangu. Wacha majirani wasikie.

Mama